Huggy Wuggy hasemi neno

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ujumbe unaosambazwa na wazazi kwenye makundi ya WhatsApp kuhusu yule mdoli wa buluu mwenye mikono mirefu na meno yaliyochongoka, Huggy Wuggy. Ujumbe unadai gemu lake linamfundisha mtoto kunong'oneza wenzake maneno ya kutisha. Habari yenyewe imeshachacha. Mwaka 2022 ilivuma Uingereza hadi polisi na baadhi ya shule wakatoa tahadhari.

Mimi gemu hilo nimelicheza. Linaitwa Poppy Playtime, kazi ya kampuni huru ya Marekani, Mob Entertainment, na sura ya kwanza ilitoka Oktoba 2021. Unaingia kwenye kiwanda cha midoli kilichoachwa, miaka kumi baada ya wafanyakazi wake kutoweka. Mgongoni umebeba GrabPack, kifaa chenye mikono ya bandia inayofyatuka na waya nyuma yake. Waya unapitisha umeme, kwa hiyo mafumbo mengi ni ya kuuzungusha kwenye nguzo hadi mlango ufunguke. Huggy unamkuta ukumbini, sanamu ndefu inayotabasamu. Umeme unakatika. Unakwenda kuurudisha, na ukirejea ukumbini Huggy hayupo. Kwangu mimi hapo pananitisha kuliko kule kukimbizwa ndani ya mabomba ya hewa, ambako ni mbio tu na kelele.

Na katika sura hiyo yote Huggy hasemi neno hata moja. Nyimbo ambazo watoto wanaziimba zimetungwa na mashabiki wakaziweka YouTube. Wanaosema ni wengine: Poppy mwenyewe, na Mommy Long Legs wa sura ya pili iliyotoka Mei 2022. Huyu anakuchezesha michezo kwa sauti tamu kama ya mwalimu wa chekechea, na ukishindwa unauawa. Mzazi anayetaka kuogopa kitu, aanzie hapo.

Sisemi basi mtoto wa miaka mitano apewe. Ni gemu la kutisha, na wala halijifichi. Linalonikera ni kwamba huku kwetu mtoto hakutani na gemu kwanza. Anakutana na mdoli: laini, wa bei nafuu, umening'inizwa na mengine mlangoni pa duka, haijulikani nani kautengeneza. Mama ananunua kwa sababu mtoto kaupenda. Jioni mtoto anashika simu, anaambia YouTube kwa sauti yake jina la mdoli wake, na video zinafuatana, za watoto na za watu wazima zikiwa zimechanganyika. Kompyuta ya kuchezea gemu lenyewe hata haipo nyumbani!

Kwa hiyo, mhariri, kabla gazeti lako halijachapisha tahadhari nyingine ya kunong'onezana, mwandishi wako wa teknolojia na aicheze sura ya kwanza. Inapatikana bure Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, na haimalizi saa nzima. Akitoka hapo apite madukani Kariakoo aulize mdoli ule ni wa mtoto wa umri gani. Mimi niliuliza. Muuzaji akanijibu kwamba zipo saizi tatu, nataka ipi?

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam