Risala ya kikundi chetu cha wakulima wa korosho: tunaomba salfa ifike kabla ya maua

Mheshimiwa mgeni rasmi, mheshimiwa diwani, mtendaji wetu wa kata, viongozi wa dini, wazee wetu na wakulima wote mliofika, habari za asubuhi.

Kwanza pole sana na safari mheshimiwa, barabara umeiona mwenyewe. Umepanda mpaka huku juu Newala, mkoani Mtwara, mvua bado hazijakatika na umefika saa uliyosema, tunakushukuru kwa moyo mmoja, maana wageni wengine tumewahi kuwasubiri mpaka saa kumi halafu tunapigiwa simu ratiba imebadilika.

Kikundi chetu kilianza 2015 na watu 14 chini ya mwembe ule pale, leo tupo 63, kina mama ndio wengi. Mafanikio ni makubwa mno: miche 1,200 ya mikorosho tumeotesha wenyewe, akaunti benki tunayo, maturubai ya kuanikia 9, na madawati 6 ya shule ya msingi yametoka mifukoni mwetu. Mengine tunayaacha kwa ajili ya muda wako.

Mheshimiwa, kilio chetu ni salfa, dawa ya kupulizia mikorosho.

Mkorosho ukitoa maua mwezi wa sita, wa saba, ndipo ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, unaingia. Ukiangalia ua asubuhi utadhani mtu kalinyunyizia unga wa muhogo, baada ya siku chache limekuwa jeusi, ukiligusa linakatikia mkononi. Salfa inatakiwa ipulizwe maua yanapoanza tu, halafu unarudia kila wiki mbili mpaka tatu, ikichelewa hamna kitu. Mwaka jana mgao wetu ulifika mwishoni mwa mwezi wa nane. Mama mmoja mwanachama wetu alipata mifuko miwili, akaibeba kichwani mpaka shambani, akakuta maua yameshakauka. Ile mifuko ipo ndani kwake mpaka leo haijafunguliwa, na mtoto wake kaanza kidato cha kwanza na sare za kaka yake.

Hatusemi serikali haitoi, inatoa na tunashukuru. Shida ni utaratibu haukai. Mwaka 2017 tukaambiwa salfa bure, ikaja miaka ya kununua wenyewe, sasa ni ruzuku tena. Ushuru wa korosho zinazokwenda nje ulikuwa unarudi asilimia 65 kwenye zao, 2018 sheria ikabadilishwa, fedha zote zikaenda Mfuko Mkuu wa Serikali. Mwaka huohuo minada ya korosho ikasimama, serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kusomba mzigo, bei nzuri kweli ila wapo wenzetu waliosubiri hela yao mpaka wakapulizia msimu uliofuata kwa mkopo.

Wazee wetu hapa wanakumbuka mbali zaidi. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani kama 145,000, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho yao wakaiacha nyuma, bei nayo mbaya, ugonjwa ukaingia, kufikia 1986/87 hata tani 20,000 hazikufika. Ilichukua miaka mingi mno kurudi, na msimu wa 2017/18 tulivuka tani 300,000. Tunaogopa kushuka tena mheshimiwa. Mche tunaopanda leo unaanza kuzaa mwaka wa tatu, na hapo katikati sera imeshabadilika mara ngapi?

Kwa heshima zote, mwaka 2019 na 2022 tulisoma risala kama hii kwa wageni waliokaa kiti hichohicho, tukaahidiwa mashine kumi za kupulizia na salfa ya mapema, tukapiga makofi sana. Mashine hatujaziona hata moja. Nakala za risala zote mbili tumeziambatanisha.

Ombi letu ni salfa iwe kijijini kabla ya tarehe 15 mwezi wa tano, na utaratibu wa ruzuku uandikwe ukae walau miaka mitano bila kuguswa, ili mtu anayekopa kupalilia ajue anakopa kwa hesabu gani. Ukisimama kujibu tunaomba ututajie siku na mwezi, na jina la ofisi tutakayoifuata siku ikipita, katibu anaandika.

Kina mama wamekuandalia korosho kilo tano walizobangua kwa mikono yao, tunaomba uzipokee.

Tunaomba kuwasilisha.