Harambee ya Ujumbe wa Saa Mbili Usiku

Ndugu, jamaa na marafiki,

Kikundi chetu kinawaomba shilingi 54,750. Hesabu yake ni hii: kina mama na kina dada 150 wanaochukua vidonge vya kupanga uzazi katika zahanati yetu, ujumbe mmoja wa simu wa kuwakumbusha kumeza kidonge, kila siku saa mbili usiku kwa siku 365, shilingi moja kwa ujumbe.

Vidonge vikimezwa bila kuruka, wanaoshika mimba kwa mwaka hawafiki mmoja kati ya 100. Katika maisha ya kawaida, ya kusahau na kuishiwa, hufika 7 hivi.

Mtu atauliza: si simu ina kengele, tena ya bure? Ni swali la haki. Katika utafiti uliofanywa Boston, Marekani, na kuchapishwa 2010, kumbusho tupu halikupunguza vidonge vilivyosahaulika. Lakini New York, katika utafiti wa 2012, vijana waliopata ujumbe wa kila siku wenye mafunzo waliendelea na vidonge kwa asilimia 64 baada ya miezi sita. Wenzao wasioupata, asilimia 54. Ndiyo maana tutatuma mafunzo.

Mafunzo yenyewe ni kama haya. Umesahau kimoja au viwili: meza kimoja mara unapokumbuka, uendelee kama kawaida, hata ikibidi kumeza viwili siku moja. Umesahau vitatu mfululizo: meza kimoja, endelea, na utumie kondomu mpaka umalize siku saba bila kuruka. Umetapika kabla ya saa mbili kupita tangu umeze: meza kingine.

Hatari kubwa iko mwisho wa pakiti. Vile 7 vya kahawia ni vya kuongeza damu tu. Ukivisahau hakuna neno, vitupe. Lakini ukichelewa siku tatu kuanza pakiti mpya, ni sawa na kuruka vitatu. Kwa hiyo siku ya 22 ya pakiti ujumbe utasema: njoo uchukue pakiti nyingine. Wanaonyonyesha, ambao vidonge vyao havivumilii kuchelewa zaidi ya saa tatu, watakuwa na orodha yao.

Simu nyingi za nyumbani zina wenyewe wawili. Anayetaka siri atachagua maneno yake, mfano "Umemwagilia mboga?" Akikwama, atabipu tu, na muuguzi ampigie. Kila ujumbe hautazidi herufi 160, maana ukizidi unatozwa kama miwili, na hatutaweka vikatuni (emoji), kwa sababu hushusha kikomo hadi 70.

Shilingi 28 zinatosha ujumbe wa pakiti moja, yaani siku 28, kwa mama mmoja; 365 ujumbe wa mwaka wake mzima. Mpe mweka hazina, udai risiti. Siku ya harambee tutasoma majina ya waliochanga. Majina na namba za kina mama hayatasomwa, wala kamati haitayaona. Yatabaki kwa muuguzi.