Barua kwa Ngoy, kabla hajasaini

Lubumbashi, kibarazani, umeme umekatika

Papa Ngoy,

Unajua kwa nini nakuita Papa. Umebeba jina la babu yako, na nikikukemea ni kama namkemea baba yangu mzazi. Kwa hiyo nitajizuia.

Ujumbe wako wa sauti kuhusu kazi ya huko Ubelgiji nimeusikiliza mara tatu. Mama yako alipiga vigelegele kwa ajili ya mshahara. Mimi nilikwama pale uliposema: "Ni kiwanda cha silaha, ndiyo, lakini mimi nitachora springi tu." Hilo "tu" ndilo lililonifanya nitafute karatasi.

Unakumbuka 23 Machi 2013, siku wapiganaji wa Mai-Mai walipoingia mjini? Ulikuwa darasa la tano, tulilala sakafuni wote. Kesho yake niliokota ganda la risasi nyuma ya jiko, sikuwaambia. Nililiweka mezani nikalitazama kwa jicho la kazi, maana nimekereza vyuma miaka 31. Ukuta wake mwembamba, unene uleule pande zote. Shingo imebanwa bila mkunjo hata mmoja. Kitakoni, herufi chache na tarakimu mbili. Nikajisikia nasema kwa sauti, "Huyu fundi anajua kazi." Halafu nikakumbuka kwamba siku ile watu walikufa, nikanyamaza.

Ganda la namna ile ni shaba sehemu 70 hivi katika 100, iliyobaki zinki. Shaba, Papa! Jimbo letu lenyewe liliwahi kuitwa Shaba. Tangu Vita vya Kwanza vya Dunia shaba ya hapa ilikuwa ikienda Ulaya kutengenezewa risasi. Pengine kile kilichoanguka nyuma ya jiko letu kilikuwa kinarudi nyumbani.

Na babu yako? Alijaza magunia Shinkolobwe, huko karibu na Likasi. Kabla yake, mwaka 1940, Sengier, mkubwa wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, alikuwa amekwisha kupeleka New York zaidi ya tani 1,200 za mawe ya mgodi ule. Urani nyingi iliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima, la 6 Agosti 1945, ilitoka Kongo. Mzee aliniambia alikuwa anajaza magunia tu. Simlaumu, hakuna aliyemwambia kitu. Lakini wewe una diploma, una simu, unasoma lugha tatu. "Tu" ya babu yako na "tu" yako hazilingani uzito.

Usidhani nimekuwa mtu wa kuchukia kila bunduki. Shangazi yako yuko Goma, aliona waasi wa M23 wakiuchukua mji Januari 2025, na Februari ikawa zamu ya Bukavu. Nilipomweleza habari zako aliniuliza, "Sasa wanaopinga silaha wanataka tujilinde na mwiko?" Sikuwa na jibu. Nchi isiyo na silaha hailindwi na nyimbo. Lakini silaha zilizomtisha shangazi yako nazo zilichorwa na kijana fulani mwenye diploma, mahali fulani.

Na huko uliko najua kiwanda si bunduki peke yake. Kiwanda cha silaha cha FN, Herstal, hapo jirani yako, kipo tangu 1889, na mwenye mali ni serikali yenyewe ya Wallonie, jimbo la Ubelgiji. Familia nyingi zimelishwa na karakana zile. Mwaka 1966 wanawake wa mashine waligoma pale wiki 12 wakidai kazi sawa, mshahara sawa, na leo Ulaya inawakumbuka kwa heshima. Kwa hiyo ukiona vijana wamesimama na mabango barabarani, usiwacheke, lakini pia usidhani wale wanaoingia getini na vyakula vyao ni wauaji. Ugumu ni kwamba serikali inayopata faida ndiyo hiyohiyo inayotoa kibali cha kuuza nje. Mtu huyohuyo ni mwenye duka na ni polisi wa soko. Ndiyo maana watu waliohofia vita vya Yemen walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Conseil d'État, mahakama ya juu ya Ubelgiji kwa maamuzi ya serikali, ikasimamisha baadhi ya vibali vya kuuza silaha Saudi Arabia.

Lakini walionigusa mimi ni makuli wa Genoa, huko Italia. Mwaka 2019 walikataa kupakia mzigo kwenye meli ya Saudi Arabia, Bahri Yanbu. Na mzigo wenyewe ulikuwa nini? Jenereta. Si bunduki wala bomu. Wangeweza kusema ni jenereta tu, wakapakia, wakala mchana wao. Wao waliuliza inakwenda kuwasha nini.

Sikukatazi. Una miaka 24, na kodi ya chumba chako siilipi mimi. Ninachotaka ni hiki: siku wakikuita, uliza springi yako inauzwa nchi gani, na kama mchoraji anaruhusiwa kuambiwa. Uliza pia ukikataa oda moja utafukuzwa au utahamishiwa meza nyingine. Wakikujibu vizuri, tutaongea. Wakicheka, nataka unieleze walivyocheka.

Ganda lile bado ninalo. Mama yako alilikuta kwenye droo, akaniuliza ni la nini, nikamwambia la kazi. Sasa anatilia sindano za kushonea.

Usisaini kabla ya Jumapili. Piga baada ya ibada, mtandao unakuwa mwepesi. Na mama yako anauliza kama lile koti linatosha kwa baridi ya huko.

Baba yako