Faini ikishalipwa, abiria wa ziada washuke

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita nilitoka Newala kwenda Masasi kwa mchomoko, yaani gari dogo la kubeba abiria. Gari lenyewe Probox, viti vitano pamoja na cha dereva. Tulikuwa tisa: dereva, wawili siti ya mbele, wanne nyuma na mtoto wa kupakatwa, na kijana mmoja kwenye buti, kajikunja juu ya viroba vya unga wa muhogo.

Njiani askari akatusimamisha. Akachungulia, akahesabu, akaandika faini ya shilingi 30,000. Nikajua sasa kuna watakaoshushwa. Wapi! Dereva kapewa karatasi yake, tukaondoka tisa vilevile, tukaanza kuteremka mlima.

Kama kosa ni kujaza, mbona kosa linaachwa liendelee na safari? Faini hiyo dereva anairudisha kwa nauli za haohao wa ziada kabla jua halijazama, hasa msimu huu wa korosho ambapo kila mtu ana safari. Kwake imekuwa ushuru tu. Kwenye Coaster angalau konda hupiga kelele "inameni!" tukimkaribia askari, kwa hiyo aibu kidogo ipo. Kwenye michomoko hata kuinama hakuna.

Watu wazima watatu wa ziada ni karibu kilo 200, viroba sijavihesabu. Springi za nyuma zilikuwa zimelala, kila shimo tairi inakwaruza bodi. Gari likilala nyuma, pua inainuka, na taa zinammulika machoni anayekuja badala ya kumulika barabara. Breki zilishikwa mfululizo mpaka zikanuka. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari linakata karibu mita 17 kila sekunde, na dereva wetu alikuwa akipapasa gia kati ya magoti ya abiria. Wale wawili wa mbele walikuwa na mkanda mmoja, hawakuufunga. Tungegonga, mikono ya mama yule isingemzuia mtoto.

Sijifichi, nilipanda mwenyewe. Jioni ile hapakuwa na gari lingine, na niliyekuwa namfuata ni mgonjwa. Najua pia kwamba kumshusha mtu porini saa moja usiku ni kumtesa. Basi mzigo huo aubebe aliyejaza: arudishe nauli papo hapo, na gari lisiondoke mpaka mwenye gari alete lingine la kuwachukua waliozidi. Akifanyiwa hivyo mara mbili, atahesabu siti zake mwenyewe. Nao wanaotoa leseni za usafirishaji waiangalie njia hii miezi ya korosho, maana magari hayatoshi.

Tulipofika Masasi, kijana wa kwenye buti hakuweza kusimama, miguu imekufa ganzi. Ilibidi angoje dereva azunguke amfungulie. Buti lile hufunguliwa kwa nje.

Msomaji wako,
Newala, Mtwara