Kwa Nini Namba Ulizoweka Kwenye Vitufe vya Simu ya Mezani Hupotea

Sisi huwawekea wateja namba kwenye vitufe vya simu za ofisini, na lalamiko linalotufikia kuliko mengine yote ni la mteja aliyejiwekea mwenyewe namba kwenye vitufe vya kupiga haraka, yaani vile vinavyopiga namba kwa mbonyezo mmoja, akazitumia vizuri kwa muda, kisha asubuhi moja akakuta vitufe vyote vitupu na kuamini kwamba ameuziwa simu mbovu. Hivi karibuni mteja mmoja alikwenda mbali zaidi na kutuambia kwamba tunatoza fedha kwa kazi ya kubonyeza. Kwa kuwa tunamheshimu, tunaieleza kazi yenyewe.

Simu nyingi za ofisini zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta, zikitumia itifaki ya SIP (kanuni za kuunganisha simu kwenye mtandao huo), huchukua faili la mipangilio kutoka kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayozihudumia, kila zinapowashwa, na seva huitambua kila simu kwa anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe. Mtu anapokishikilia kitufe kwa sekunde chache na kuandika namba, namba hiyo hukaa ndani ya simu peke yake, wala seva haina habari nayo. Simu ikizimika na kuwashwa tena, mipangilio ya seva yaweza kuifuta namba hiyo. Ndiyo sababu sisi huandika vitufe kwenye seva. Hata simu ikiharibika, mpya husajiliwa kwa anwani yake na vitufe vyote hurudi.

Namba nayo ina utaratibu wake. Mitambo mingi ya simu, ile inayounganisha simu za ofisi na laini za nje, hudai tarakimu ya kutokea nje, mara nyingi 9 au 0, mbele ya namba ya nje, ilhali namba ya ndani haihitaji. Katika kampuni moja ya usafirishaji, namba zilinakiliwa kutoka kwenye simu ya mkononi pamoja na alama ya kujumlisha, ambayo mtambo wao haukuitambua, na kila kitufe kikawa kinatoa mlio wa kosa. Walikuwa wamekwisha kuagiza simu mpya walipotuita. Simu za zamani hazikuwa na kasoro yoyote, na hizo mpya zingetoa mlio uleule.

Kosa jingine tunalolikuta sana, nalo hutuumiza kwa sababu huwasumbua wapigaji wasio na hatia, ni kuweka kitufe cha kupiga haraka mahali panapohitaji kitufe cha kufuatilia. Kile cha kwanza hupiga tu. Cha pili kina taa inayoonyesha kama mwenye namba ya ndani anaongea na mtu mwingine. Katika ofisi moja ya mawakili, mhudumu wa mapokezi alikuwa akihamishia wateja kwa wakili aliyekuwa tayari kwenye simu, nao wakachoka kusubiri na kukata. Tulibadilisha aina ya vitufe, tukairuhusu simu ya mapokezi kwenye mtambo kufuatilia namba hizo, na taa zikaanza kumwongoza.

Bei yetu, basi, inalipia kuhakiki orodha, kuandika kwenye seva, kukijaribu kila kitufe kutoka kwenye meza ya mtumiaji mwenyewe, na kuhifadhi nakala ya mipangilio. Hatuipunguzi kwa kuacha majaribio, hata mteja akituomba.

Anayetaka kazi iishe upesi atuandalie orodha yenye jina litakaloonekana kwenye skrini, namba kamili, na maelezo kama ni ya ndani au ya nje, pamoja na jina la mtu anayeshika nywila ya mtambo.