Tuwape vijana hawa jibu la kweli mlangoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme na wakazi wenzangu wa Tanga juu ya vijana wawili ambao baadhi yetu tumewaona wakipita mitaani kwa miguu au kwa baiskeli, wamevaa mashati meupe na tai, na kila mmoja ana kibao cheusi chenye jina lake kifuani. Ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi wetu tunawaita Wamormoni. Mimi ni Mwislamu na mwalimu mstaafu, wala siandiki ili kuitangaza dini yao. Ninaandika kwa sababu vijana hao wamepanga nyumba yangu ya uani hapa Chumbageni, na kwa majuma machache nimeshuhudia jinsi ustaarabu wetu wenyewe unavyoweza kumuumiza mgeni.

Mmoja wao ni Mmarekani wa miaka 19 kutoka jimbo la Utah. Alikuwa Dar es Salaam kwa miezi kadhaa, akazoea njia, watu na mwenzake wa kazi, kisha akaarifiwa kwamba anahamia Tanga na kwamba mwenzake yule haji naye. Kwa utaratibu wa kanisa lao, kijana hachagui mji wala mtu wa kuishi naye. Hupangiwa na rais wa misheni, yaani kiongozi wa wamisionari wa eneo lao, na kila baada ya majuma sita hivi hutazamwa nani ahamishwe na nani abaki. Wavulana hutumika kwa miezi 24, na wanaruhusiwa kuanza wakiwa na miaka 18. Hawalipwi mshahara. Ruhusa ya kuzungumza na wazazi kwa simu kila wiki imeanza mwaka 2019 tu. Kabla ya hapo, kijana aliisikia sauti ya mama yake mara chache sana kwa mwaka. Sisi tuliopata kuwapeleka watoto wetu shule za bweni tunajua kimya cha mtoto katika siku za mwanzo kilivyo.

Mwenzake mpya anatoka Lubumbashi, Kongo. Kiswahili cha kwao kimechanganyika na Kifaransa, na cha Mmarekani ni cha kufundishwa, kwa hiyo mwanzoni kila mmoja alikuwa akimsahihisha mwenzake, na watoto wa uani wakiwasahihisha wote wawili. Juma zima la kwanza niliwaona wakila bila kusemezana. Mkongo humsalimu kila anayekutana naye, awe muuza mihogo au mtoto wa chekechea. Mmarekani alikuwa akitembea kwa hatua ndefu, na akifika mlangoni anaingia moja kwa moja kwenye ujumbe wake, kana kwamba watu wa nyumba ile hawakulala wala hawakuamka. Jumatatu moja, ambayo ndiyo siku yao ya kufua na kununua mahitaji, nilimsikia Mkongo akimwambia kwa upole: “Salimia kwanza, halafu unyamaze, wakuulize wao.” Neno lile lilimuuma kijana. Alibeba ndoo yake akaenda kuanika nguo kwenye ncha ya mwisho ya kamba, na hakuweza kwenda mbali zaidi ya hapo, kwa kuwa kanuni zao hazimruhusu kumwacha mwenzake mahali asipomwona. Alisimama kule muda mrefu kupita nguo alizokuwa nazo. Hata hivyo, tangu siku ile ameanza kusalimia, na sasa huuliza habari za watoto, za kazi na za mgonjwa kama yupo.

Jambo lililonifanya nishike kalamu lilitokea juma la tatu. Nilimkuta jioni amekaa barazani na daftari lake, ambamo alikuwa ameandika nyumba saba za Makorora na Mikanjuni zilizomwambia arudi Jumamosi, kila moja na saa yake. Alikuwa amezifikia zote saba, na hakupokewa hata moja. Katika nyumba moja alitoka mtoto akamwambia, “Mama kasema nikwambie hayupo.” Kijana hakuwa na hasira. Aliniuliza ni neno gani la Kiswahili analolikosea hata watu wanamkimbia, kwa maana alikuwa ameamini kabisa kwamba kosa ni la ulimi wake. Nilishindwa kumjibu papo hapo, kwa kuwa siku alipohamia, aliponiuliza kama ningependa kusikia ujumbe wao, mimi mwenyewe nilimwambia “Inshallah, siku moja,” na moyoni sikuwa na nia hiyo hata kidogo.

Tunajuana sisi kwa sisi. Kumwambia mtu aliyesimama mlangoni kwako kwamba hutaki alichokileta huonekana ufidhuli, kwa hiyo tunamwambia “njoo kesho”, na Mtanga mwenzetu hulielewa jibu kwa namna neno lilivyovutwa na jicho lilivyotazama pembeni. Mgeni hana sikio hilo. Kwake yeye siku na saa vikishatajwa vimekuwa ahadi, na ataitimiza kwa kutembea jua la saa nane kutoka Chumbageni mpaka Mikanjuni, akiwa na mwenzake ambaye bado hajamzoea na ambaye ndiye mtu pekee wa kumtazama usoni mlango ukifungwa. Kwa sisi Waislamu lipo pia jambo zito zaidi: inshallah ni neno la kumtegemea Mwenyezi Mungu katika tunalolikusudia, na hatukupewa ili tumfukuzie mgeni.

Katiba yetu, katika Ibara ya 19, imemhakikishia kila mtu uhuru wa kuamini dini atakayo, na ikasema kwamba kueneza dini ni jambo huru na la hiari ya mtu binafsi. Hiari hiyo ni ya anayebisha hodi na ni ya mwenye nyumba pia. Mwenye nyumba anaweza kusema, “Mwanangu, sisi tumetosheka na dini yetu, lakini karibu maji ya kunywa,” na hapo hakuna aliyevunjiwa heshima.

Nimesema maji kwa makusudi. Tangu mwaka 1833 kanisa lao lina mafundisho yanayoitwa Neno la Hekima, na kwa ajili hiyo hawanywi pombe, kahawa wala chai ya majani, na hawavuti tumbaku. Nasikia kwenye baraza moja la Ngamiani mwenye kahawa aliona amedharauliwa kijana alipokirudisha kikombe. Hakudharauliwa. Madafu na juisi ya ukwaju wanakunywa, tena kwa furaha. Vilevile wanaowaalika kuogelea Raskazone wasiwaone wana maringo wakikataa, kwa sababu muda wote wa utumishi wao hawaruhusiwi kuogelea. Na wanapoitana “Mzee” wasichekwe. Ni cheo cha kanisa lao, hakihusu umri.

Siku mbili baadaye nilimwita kijana nikamwambia kweli: kwamba sitabadili dini yangu, kwamba inshallah yangu haikuwa ya haki, na kwamba aniwie radhi. Alinishukuru, akakimbia ndani, akarudi na mwenzake na lile daftari, wakaniomba nipitie nao miadi ya juma lililofuata. Tulisoma majibu waliyopewa, neno kwa neno kama walivyoyaandika. Kati ya nyumba tisa tulibakiza mbili tu.

Huenda atahamishwa hivi karibuni, kwa kuwa hata Tanga wenyewe tunasema waja leo, waondoka leo. Orodha ya nyumba zilizoahidi, hata hivyo, huachiwa kijana anayekuja kushika nafasi, naye atabisha hodi kwenye milango ile ile. Zile nyumba saba nawaomba wasisubiri afike huyo wa pili. Vijana hawa hupita Makorora Alhamisi jioni. Awasimamishe mmoja wenu, awasalimu, awaambie.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga