Mhariri, mwambieni mchambuzi wenu asikilize wimbo kwanza

Mhariri, salamu kwako na kwa timu yako yote. Naomba nafasi kidogo nizungumzie ukurasa wenu wa burudani, ambao kusema kweli ndo ukurasa ninaoanza nao kabla ya siasa na mpira, kwahiyo msinichukulie kama adui.

Kinachonikera ni hizi hakiki zenu za singo za wasanii wanaorudi kwenye gemu. Msanii mkubwa kakaa kimya miaka mitano, sita, kumi, halafu anaachia ngoma usiku, asubuhi yake tayari mchambuzi wenu kashatoa hukumu, ama karudi kwa kishindo ama kafulia, katikati hapo hamna kitu. Na ukiisoma yote toka juu mpaka chini unakuta aya ya kwanza ni hesabu ya miaka aliyokaa kimya, ya pili ni ndoa na watoto, ya tatu ni watu wamesema nini mitandaoni, ya nne video imetazamwa mara ngapi, na wimbo wenyewe umeachiwa sentensi moja kwamba "una ladha ya kipekee". Ladha ipi sasa jamani? Biti ikoje, kaimba kwa kubana au kwa kuachia, kiitikio kinaingia mapema au kinachelewa, prodyuza nani? Wapi! Na hiyo sentensi moja nayo mara nyingi ukiichunguza unakuta imenyofolewa kwenye taarifa ya lebo, yaani mwenye mali kajisifia mwenyewe na nyie mkampigia chapa bure.

Najua mtasema gazeti lazima liwahi. Sawa, presha ipo na haikuanzia kwenu. Tangu Julai 2015 nyimbo mpya karibu dunia nzima zinatoka Ijumaa, na chati kubwa kama ile ya Billboard kule Marekani inahesabu mauzo na usikilizaji wa mtandaoni kuanzia Ijumaa mpaka Alhamisi, kwahiyo lebo inataka kelele zote zipigwe ndani ya siku hizo saba, zikipita hapo hela imeshachelewa. Zamani mhakiki alikuwa anatumiwa rekodi mapema akakaa nayo, akaisikiliza akiwa na hasira, akaisikiliza akiwa na furaha, ndo akaandika. Siku hizi ngoma ya msanii mkubwa inafichwa kama mtihani wa taifa, mhakiki anaisikia dakika ileile anayoisikia shabiki. Haya, lebo ina haraka yake, ni biashara. Mchambuzi haraka yake ni ya nini? Yeye halipwi kwa nafasi ya kwenye chati.

Nitoe mfano ambao naamini kila mtu wa rika langu anaukumbuka. Britney Spears, 2007. Mwanadada alikuwa amepita kwenye talaka, mapaparazi usiku na mchana, kunyoa nywele, kila kitu chake hadharani, halafu ikaja singo ya kurudi, Gimme More. Septemba 9 mwaka ule akafungua tuzo za video za MTV pale Las Vegas kwa wimbo huohuo, na kweli usiku ule alikuwa mzito wa mwendo, alicheza kama mtu aliyeamshwa usingizini, midomo haifuatani na sauti. Kesho yake magazeti yakamla mzimamzima. Lakini yalikula nini? Tumbo lake! Mama wa watoto wawili wadogo, wino wote unaishia kwenye tumbo na nguo aliyovaa, na wimbo ambao ndo ulikuwa sababu ya yeye kusimama pale wengi wakautaja pembeni tu kama jina la ugonjwa. Sasa ule wimbo ukausikiliza bila picha, ukazima kila kitu ukabaki na spika tu, ni kitu kingine kabisa. Prodyuza Danja kaweka besi nzito inayotambaa chini, sauti ya Britney kaikatakata na kuirudiarudia mpaka inageuka sehemu ya biti, ni wimbo wa klabu wenye giza fulani hivi ambao kwa pop ya kipindi kile haukuwa wa kawaida. Uliishia namba 3 kwenye Hot 100, ile chati ya nyimbo ya Billboard, pamoja na kusemwa kote kule. Albamu iliyofuata, Blackout, ilitoka Oktoba mwaka huohuo, na miaka ilivyozidi kwenda wahakiki wakaanza kuiweka kati ya kazi zake bora kabisa na kusema pop nyingi ya kielektroniki iliyokuja nyuma yake imechota humo. Sitaki kusema wahakiki wote wa 2007 walikuwa viziwi, wapo walioipa haki yake palepale, ila ukiangalia kilichojaa magazetini wiki ile ni mwili wa mtu, basi.

Na ndo ugonjwa wenyewe huo mhariri. Singo ya kurudi inakuja na stori kubwa nyuma yake, na stori ni rahisi kuandika kuliko muziki. Mtu yeyote anaweza kuandika kwamba msanii kapitia magumu. Kuandika kwanini ubeti wa pili ni bora kuliko wa kwanza kunataka masikio na muda.

Kuna namna nyingine ya kuukosea wimbo, nayo ni kuuhukumu kwa kitu ambacho haukukusudia kuwa. Rihanna baada ya albamu ya Anti ya Januari 2016 alionekana kwenye kolabo za watu hapa na pale lakini ukiacha Sledgehammer ya Juni mwaka huohuo ngoma yake mwenyewe hakuna, watu wakasubiri miaka zaidi ya sita, memu za "albamu iko wapi" zikawa haziishi. Oktoba 28, 2022 ikatoka Lift Me Up. Na ni nini? Ni wimbo wa taratibu mno, karibu na bembelezi la mtoto, nyuzi na kinubi, umetungwa kwa ajili ya filamu ya Black Panther: Wakanda Forever kumuenzi Chadwick Boseman, mwigizaji mkuu wa filamu ya kwanza ya Black Panther, aliyefariki 2020, na mmoja wa watunzi wake ni Tems wa Nigeria. Ni wimbo wa msiba. Sasa wapo wachambuzi waliolalamika kwamba hauna moto, hauchezeki, Rihanna tuliyemsubiri siyo huyu. Ndugu zangu, mnataka tucheze msibani? Lalamikeni maneno ni machache na yanajirudia, hilo mimi nakubali, nauona wimbo ni mzuri lakini mwembamba. Lakini kuuhukumu kwa sababu siyo wa klabu ni kuhukumu hamu yako mwenyewe. Wimbo uliingia Hot 100 ukiwa namba 2, ukateuliwa Oscar, na hayo nayo hayathibitishi kwamba ni mzuri, nayataja tu kwa sababu nyie mnapenda sana namba.

Mariah Carey nimpitie haraka. Baada ya albamu ya Glitter ya 2001 kubuma, kampuni ya rekodi ya EMI walimlipa dola milioni 28 ili mkataba uvunjwe, hebu fikiria unalipwa usiimbe, na kila mtu akaandika kachuja. Singo iliyomrudisha 2005 watu wanakumbuka We Belong Together, ile iliyokaa namba 1 wiki 14. Lakini singo ya kwanza ya albamu yenye wimbo huo ilikuwa It's Like That, iliyoishia namba 16. Angehukumiwa kwa ngoma ya kwanza peke yake kwa mtindo wenu wa kesho asubuhi, tungesoma kwamba bibie kajaribu ikagoma.

Na David Bowie, yule mkongwe wa roki wa Uingereza, je? Januari 8, 2013, siku anatimiza miaka 66, bila tangazo lolote, akaachia Where Are We Now?, wimbo wake mpya wa kwanza baada ya miaka kumi, wakati watu walishajua kastaafu. Wimbo wa polepole, mtu anakumbuka Berlin, sauti kama inatetemeka. Wengi wakasikia mzee aliyechoka anaaga. Prodyuza wake Tony Visconti akawa anaeleza mapema tu kwamba albamu yenyewe siyo hivyo, ina roki ya kutosha, na Machi ilipotoka The Next Day kweli magitaa yalikuwa yanaunguruma. Singo moja imewapa watu picha ya albamu nzima ambayo haikuwepo, na hapo kosa siyo la Bowie.

Sasa msije mkasema huyu anakosoa tu hasemi anataka nini. Nachotaka mimi ni hakiki inayoweza kunionyesha jambo ndani ya wimbo ambalo masikio yangu yalipita juu. Chukua Believe ya Cher, mwimbaji mkongwe wa Marekani, ya Oktoba 1998. Ungeiandika kwa mtindo wenu ungesema Cher ana miaka 52, karudi, ana wigi zuri. Lakini habari ilikuwa kwenye sauti. Anaimba ubeti, unafika kwenye maneno fulani sauti inakatika ghafla na kuruka kutoka noti moja kwenda nyingine bila kupita katikati, koo la binadamu haliwezi kufanya vile, sisi wote tunateleza kidogo tukihama noti. Kilichofanyika ni kwamba kuna programu iliitwa Auto-Tune, ya 1997, iliyotengenezwa na Andy Hildebrand, jamaa ambaye kabla ya hapo alikuwa anafanya hesabu za mawimbi ya ardhini kutafuta mafuta, na kazi yake ilikuwa kunyoosha kimyakimya pale muimbaji alipopinda. Maprodyuza wa Cher kule London, Mark Taylor na Brian Rawling, wakaipeleka kasi ya kusahihisha mpaka mwisho, haina kusubiri, noti ikipinda tu inanyooshwa papohapo, na kile kilichotakiwa kifichwe kikawa ndo pambo lenyewe. Halafu wakaficha siri! 1999 walipohojiwa na jarida la mafundi wa studio wakasema wametumia vokoda, kifaa kingine cha kuigeuza sauti iwe kama ya roboti. Inasimuliwa pia kwamba lebo ilitaka kile kionjo kitolewe na Cher mwenyewe akagoma katakata. Ule wimbo ukakaa namba 1 wiki saba Uingereza na wiki nne Marekani, ambako mara ya mwisho Cher kushika namba 1 ilikuwa 1974, na leo sauti ile imejaa kwenye muziki wa kila aina mpaka mtoto anadhani binadamu ndivyo wanavyoimba. Mhakiki aliyesikiliza vizuri 1998, hata kama hakujua kifaa gani kimetumika, alikuwa na uwezo wa kuandika kwamba hapa kuna kitu kipya kimetokea kwenye koo la mtu. Hiyo ndo hakiki, hata kama angemalizia kwa kusema yeye binafsi hakipendi.

Na hapo pa kutopenda pia nina neno. Siombi muwe wapole. Zipo singo za kurudi ambazo ni mbovu, zimetengenezwa kwa haraka kutafuta kiki tu ili tiketi za ziara ziuzwe, msanii kachukua biti inayotrendi mwezi huo kaipachika juu ya sauti iliyochoka, na hizo zisemwe ni mbovu bila kupepesa macho. Naona mchambuzi wenu siku hizi kama anaogopa mashabiki, maana mashabiki wa siku hizi ukimkosoa mtu wao wanakushukia kwa matusi mpaka ya ukoo, basi anajificha kwenye sentensi za "mashabiki wamegawanyika". Mashabiki wamegawanyika, sawa, wewe umesimama wapi? Tunanunua gazeti tusikie wewe, ya mashabiki tumeshayasoma bure.

Kwahiyo ombi langu ni dogo tu. Siku wimbo unapotoka andikeni habari: fulani kaachia ngoma, inaitwa hivi, kaandika nani, kaprodyuzi nani, inatoka kwenye albamu gani, basi, aya mbili zinatosha na hakuna atakayewalaumu mmechelewa. Hakiki iwekeni wiki mbili baadaye. Wakati huo kelele zimepungua, mchambuzi kausikia redioni bila kuutafuta, anajua kama kiitikio kimemganda kichwani au kimeshapotea. Na aandike kwanza kuhusu kinachosikika, ndoa na talaka ziwe mwisho kama nafasi imebaki. Kama ametazama video tu hajausikiliza wimbo peke yake basi aseme ni hakiki ya video, siyo dhambi.

Mkiniambia nafasi haitoshi, ile picha ya msanii akiwa kwenye gauni la kwenye video inakula nusu ukurasa kila mara. Ipunguzeni.

Msomaji wenu wa ukurasa wa burudani